Nili na Samli katika Sebule Moja

Majina ya rangi mbili za ukuta ninayotumia hapa si yale yaliyoandikwa kwenye kadi ya dukani. Dukani, rangi ya kwanza ilikuwa na jina refu la Kiingereza lenye usiku na bahari ndani yake, na ya pili ilipewa jina la ua ambalo sijawahi kuliona. Nyumbani tuliziita nili na samli, nasi tuliyapata majina hayo kwa mama yangu mzazi, ambaye alitufulia mashati ya shule miaka mingi huku akitia nili katika maji ya mwisho ya kusuuzia, na ambaye hadi leo hakubali kwamba samli ya dukani ni samli. Kiswahili kimezoea kufanya hivyo. Sifa za rangi zilizo zake hasa ni tatu, yaani nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine nyingi huzitaja kwa vitu vyenyewe, kama jani, jivu, kahawa, chungwa, zambarau na maji ya kunde. Nimekuja kuamini kwamba huo ni utaratibu mzuri, kwa kuwa humkumbusha mtu kwamba rangi haipo peke yake, bali ipo juu ya kitu fulani, mahali fulani na katika mwanga fulani.

Nyumba yetu iko Mamboleo, Kisumu. Sebule ina urefu wa mita tano na upana wa mita nne, kuta zina kimo cha mita 2.7, na dirisha kubwa ni moja tu, nalo linatazama magharibi. Ukiondoa dirisha na milango, eneo la kupakwa ni takribani mita 42 za mraba. Mimi hufundisha hisabati, kwa hiyo nilikuwa nimeyapima hayo yote na kuyaandika kabla ya kumwita fundi. Nilichokuwa sijapima ni mwanga.

Tulihamia Disemba. Nilikuwa nimepunguza uteuzi hadi rangi mbili zilizo mbali kabisa, buluu nzito inayokaribia weusi na manjano laini yenye umaziwa, kisha nikamwomba fundi anipakie viraka viwili ukutani ili nichague kwa macho yangu. Alivipaka vikigusana, kimoja kando ya kingine, kama wafanyavyo watu wengi, nami nikavitazama jioni moja na asubuhi moja. Nili ilionekana tulivu na yenye kina, kama ziwa linavyokuwa pale Dunga muda mfupi baada ya jua kuzama. Samli, kwa upande wake, ilionekana kali mno, manjano ya kutiwa kwenye pilau. Niliikataa bila kusita.

Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba viraka vile vilikuwa vikidanganyana. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji wa rangi katika karakana za mazulia ya ukutani za Gobelins mjini Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu, na alipozichunguza akakuta kwamba nyuzi hazikuwa na kasoro yoyote. Zilionekana hafifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Alichapisha utafiti wake mwaka 1839. Rangi mbili zinapokaa jirani, jicho huongeza tofauti iliyopo kati yake, na buluu na manjano ni miongoni mwa jozi zinazosukumana kwa nguvu zaidi. Nili ilikuwa inaifanya samli yangu iwe manjano zaidi ya ilivyokuwa, na samli nayo ilikuwa ikiipa nili ubaridi na kina ambacho haingekuwa nacho peke yake. Kwa maneno mengine, niliichagua rangi moja kwa uzuri ulioazimwa kutoka kwa ile niliyoikataa. Tangu hapo sijamruhusu mtu yeyote ninayemjali kupaka viraka vya majaribio vikigusana.

Kazi yenyewe ya kupaka nili ilitufundisha mambo ambayo hayakuandikwa kwenye kopo. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kati ya mita kumi na kumi na mbili za mraba kwa tabaka moja, nami nilihesabu matabaka mawili, yalihitajika matatu. Fundi alinieleza sababu bila kutumia kitabu: rangi nzito haina weupe ndani yake, na weupe ndio unaoficha. Unga unaoipa rangi weupe hutengenezwa kwa madini ya titani, yaleyale yaliyokuwa yakichimbwa katika mchanga wa Kwale hadi mwisho wa mwaka 2024, na katika rangi za kiza hutiwa kidogo sana au hautiwi kabisa, kwa hiyo tabaka la kwanza hubaki na mistari ya rola na kuonyesha ukuta ulio chini. Pia, ikiwa mbichi, rangi ya maji huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa ikikauka. Nilisimama mlangoni saa nne asubuhi nikafurahia buluu ya wastani, na saa nane mchana nikarudi nikakuta usiku.

Katika pupa ya kumaliza kabla ya Krismasi, usiku mmoja tulipaka tabaka la mwisho huku taa zikiwaka na dirisha likiwa wazi ili harufu itoke. Mtu wa Kisumu anajua nilikosea wapi. Wadudu wa ziwa, wale visubi wanaoinuka kutoka majini kama moshi, hutoka kwa wingi zaidi siku zinazokaribia mwezi mwandamo, na hufuata mwanga. Kulipopambazuka ukuta wa kaskazini ulikuwa na vinyweleo. Ilibidi tungoje ukauke kabisa, tuupige msasa, kisha tuupake upya mchana.

Nataka kuitendea nili haki, kwa sababu niliipenda kwa dhati na bado naipenda. Kulikuwa na saa moja katika siku ambapo hakuna rangi nyingine ingeweza kuifikia: kati ya kuzama kwa jua na kuwasha taa. Mwanasayansi Jan Purkyně wa Bohemia aliandika mwaka 1825 kwamba mwanga unapofifia, vitu vya buluu hubaki vimeng'aa machoni wakati vyekundu vikigeuka vyeusi, na kila jioni nililiona jambo hilo kutoka kwenye kochi langu. Maua mekundu ya zulia yalizima kwanza, kisha mto wa rangi ya chungwa, na kuta zikabaki zikipumua buluu kwa dakika kadhaa. Binti yangu alizoea kuacha daftari lake na kukaa kimya karibu nami hadi saa hiyo ipite. Picha na vitabu vilipendeza mbele ya kuta zile, na wageni walishusha sauti walipoingia.

Majirani walinionya kwamba kuta za kiza zitaijaza nyumba joto. Sikuona hivyo; kipimajoto changu kilisoma sawasawa na cha jirani mwenye kuta nyeupe. Joto la nyumba zetu huja zaidi kupitia mabati na kuta za nje, na rangi ya ndani haina uzito mkubwa katika jambo hilo.

Kasoro za nili zilikuwa kwingine. Kila kilichoigusa kiliacha alama. Mgongo wa kochi ulichora mstari unaong'aa, begi la shule likaacha mkwaruzo mweupe kama wa chaki, na karibu na sakafu, upande wa bafu, chumvi za saruji zilijitokeza kama unga kwa sababu lipu haikuwa imekauka vya kutosha kabla ya kupakwa. Chumvi hizo zingejitokeza chini ya rangi yoyote, lakini juu ya nili zilionekana kutoka barabarani. Saa kumi na moja jioni, jua lilipoingia likiwa chini, lilipitisha mwanga wake kando ya ukuta na kufichua kila wimbi ambalo mwiko wa fundi wa lipu uliacha. Mvua za masika zilipoanza na mbingu kufunga saa tisa alasiri, kama kawaida ya Kisumu, sebule ilizama gizani kabisa, tukawa tunawasha taa mchana.

Mama alikuja kukaa nasi mwezi wa Aprili, akitokea Butere, kwa sababu macho yalikuwa yanamsumbua na hatukutaka aendelee kupika peke yake. Nakumbuka alivyoingia. Ilikuwa saa kumi jioni, anga ni jeupe, pazia limefunguliwa. Alisimama kizingitini mkono wake ukiwa kwenye fremu ya mlango, akauliza kwa upole, "Mwanangu, mbona mnakaa gizani na bado ni mchana?"

Nilimwambia si giza, Mama, ni rangi ya ukuta, tumepaka nili.

"Nili naijua," akasema. "Hii ni nyeusi."

Niliona ni suala la kuzoea, na nalijutia wazo hilo. Kwa wiki mbili nilimtazama mama yangu akitembea katika sebule yangu kwa kupapasa. Alikaa pembeni mwa kochi badala ya kulikalia vizuri, mara moja akalikosa kabisa, na binti yangu akamdaka akisema, "Pole, Kukhu, kiti kiko huku." Kochi letu ni la kahawia iliyokolea. Mimi niliona kahawia mbele ya buluu, rangi mbili tofauti kabisa. Yeye aliona kiza mbele ya kiza.

Daktari alituambia ni mtoto wa jicho katika macho yote mawili, akaeleza jambo ambalo lilinikaa moyoni. Lenzi ya jicho hugeuka manjano kadiri umri unavyosonga, na mtoto wa jicho huifanya iwe kahawia zaidi, kwa hiyo mwanga wa buluu humezwa ndani ya lenzi kabla haujafika nyuma ya jicho. Buluu iliyokolea humfikia mzee ikiwa nyeusi. Nilipofika nyumbani nilipiga picha ya sebule kwa simu, nikaigeuza iwe ya rangi nyeusi na nyeupe, na hapo nikaona alichokiona mama: kochi, ukuta na mlango vilikuwa kitu kimoja cha kijivu kizito, bila ukingo. Jaribio hilo ni la dakika moja, halina gharama, na laiti ningelifanya Disemba.

Hapo ndipo nilipoirudia samli, na safari hii nilijipa mwezi mzima wa Juni. Nilinunua kopo dogo la kila rangi niliyoifikiria, nikapaka matabaka mawili kwenye vipande vya plaiwudi vya sentimita sitini kwa sitini, nikakiacha kila kimoja na ukingo mweupe. Kwa kuwa kuta zilikuwa bado nili na zingenidanganya tena, nilitundika mashuka meupe na kuweka ubao mmoja tu mbele yake kwa wakati mmoja. Niliuhamisha kutoka ukuta hadi ukuta, nikautazama saa moja asubuhi, saa sita, saa kumi na moja jioni na usiku. Nikagundua kwamba Disemba nilikuwa nimehukumu kwa jua la mwezi mmoja tu. Sisi tulio karibu na ikweta hudhani jua letu halibadiliki, lakini Disemba huzama kusini kidogo ya magharibi na kuangaza ukuta wangu wa kaskazini, na Juni huzama kaskazini kidogo na kuangaza ule wa kusini. Ukuta uliokuwa mzuri mwezi mmoja ulikuwa wa kawaida mwezi mwingine.

Balbu nazo zilikuwa na neno lao. Chini ya balbu nyeupe, zile za kelvini 6500 tulizozoea kwa sababu ndizo zinazojaa madukani, samli iligeuka limau na kuwa na dalili ya ukijani. Chini ya balbu ya manjano, ya kelvini 3000, ilirudi kuwa samli yenyewe. Nili ilifanya kinyume: chini ya balbu nyeupe ilibaki buluu, ingawa yenye ubaridi wa ofisi, na chini ya balbu ya manjano ilikufa. Nilibadilisha balbu kabla ya kubadilisha rangi, na ningemshauri yeyote afuate utaratibu huo.

Kisha nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuianzia. Kadi nyingi za rangi huwa na namba ndogo inayoonyesha kiasi cha mwanga ambacho rangi hurudisha, kuanzia sifuri kwa weusi kamili hadi mia kwa weupe kamili. Nili yangu ilikuwa 7 na samli ilikuwa 74. Mtu akisoma haraka ataona kwamba moja hurudisha mara kumi ya nyingine, lakini ndani ya chumba mwanga haugongi ukuta mara moja tu. Unatoka dirishani, unagonga ukuta wa mashariki, unarukia wa kusini, unarukia wa kaskazini. Katika samli, baada ya kugonga mara mbili bado umebaki takribani asilimia 55. Katika nili, baada ya kugonga mara mbili umebaki chini ya nusu ya asilimia moja. Kona za chumba, pale ambapo mwanga wa moja kwa moja haufiki na ambapo mama aliweka kiti chake, huishi kwa mwanga huo wa kurukaruka. Niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili hesabu hiyo, nao wakaielewa kwa haraka kuliko mama yao mwalimu alivyoielewa ukutani.

Kurukaruka huko kulinifunza jambo la pili, kwa njia ngumu kidogo. Fundi alipaka tabaka jeupe kwanza ili kuizima nili, kisha akaanza samli. Ukuta wa kwanza ulikuwa sawa na ubao wangu. Wa tatu ulipokamilika, kuta zote tatu zilikuwa zimekolea, na jioni ya jua chumba kizima kikawa manjano yaleyale ya pilau niliyoyakimbia mwanzoni. Kila ukuta unamrushia mwenzake mwanga uliokwisha kutiwa rangi, na manjano ikijiakisi ndani ya manjano huongezeka. Fundi hakushangaa hata kidogo. "Mwalimu, samli hupakwa nyepesi kuliko unavyoitaka," akaniambia, akachanganya lita moja ya nyeupe ya aina ileile katika kila lita mbili zilizobaki, akaanza upya. Ndiyo iliyopo hadi leo, na imenitosha.

Samli haikosi taabu zake. Visubi vya ziwa vinapokuja, kila kimoja huonekana, na ole wake anayevipangusa vikiwa vibichi, kwa maana huacha doa la kijani ambalo halitoki kwa maji matupu. Tunangoja vikauke na kuvifagia kwa burashi laini. Alama za vidole hukusanyika karibu na milango. Vilevile saa ile ya jioni niliyoieleza imetoweka. Jua likizama, kuta hufifia taratibu na kuwa kijivu, na binti yangu haachi tena daftari lake. Nimeipoteza saa hiyo kwa hiari yangu, lakini nimeipoteza, na sitajifanya kwamba sikuona.

Mama alianza kutembea katikati ya chumba wiki hiyohiyo. Kochi la kahawia lilisimama wazi mbele ya samli hata kwake, na alilikalia kwa kulala mgongo wake wote. Lakini siku ya tatu nilimkuta akipapasa tena, mkono ukizunguka ukutani karibu na mlango, na nikatambua kwamba nimehamisha tatizo badala ya kulimaliza. Swichi zetu ni nyeupe. Juu ya nili alikuwa akiziona kama nyota. Juu ya samli zilikuwa zimepotea, kwa sababu weupe juu ya manjano hafifu ni karibu kitu kimoja kwa jicho lililofunikwa.

Kwa hiyo nili ikarudi. Kwenye kopo la zamani kulikuwa na mabaki ya kutosha, na fundi akapaka mraba wa nili kuzunguka kila swichi, upana wa kiganja kila upande. Kwa fremu za milango nilinunua nusu lita ya rangi ya mafuta ya buluu hiyohiyo, kwa kuwa rangi ya maji haidumu kwenye mbao zinazoshikwashikwa. Wageni hudhani ni pambo, na kwa kweli inapendeza sana: mistari myembamba ya kiza katika chumba cha mwanga, zile rangi mbili zikisukumana kama alivyoeleza Chevreul, ila sasa kwa kiasi kinachotufaa. Mama hakuzitazama kwa uzuri. Alizitumia kama mtu anavyotumia mti ulioko njia panda.

Februari alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Asubuhi ya pili baada ya bandeji kuondolewa, nilikuwa nikichemsha chai nikasikia kimya cha muda mrefu sebuleni, nikaenda kuangalia. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kwenda jikoni, uso karibu na fremu, akifunga jicho moja kwa kiganja, kisha analifungua na kufunga la pili, kisha anarudia. Jicho la kushoto, kulia, kushoto. Hakugeuka aliponisikia.

"Huku ni nyeusi," akasema, akiwa amefunika jicho jipya. Akahamisha kiganja. "Huku ni ile niliyokuwa nawafulia."